Jibu kwa Wote

Wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, hapakuwa na pa kuweka mguu. Wazazi walijazana kwenye maduka ya daftari kama wanagawiwa bure, kila mmoja na karatasi ya mahitaji mkononi na uso wa mtu aliyechelewa. Ruwaida binti Shamsudin alijipenyeza katikati yao, baibui jeusi juu ya sweta la kijani, ushungi wa zambarau umebanwa kwa pini moja tu, na kifuani amekumbatia jalada lenye majina kumi na tisa.

Majina hayo yalikuwa yamemkera mwezi mzima. Ruwaida alikuwa mtunza orodha ya barua pepe ya umoja wa wauza karatasi na vifaa vya shule, wanachama mia nne na kumi na wawili kuanzia Mbeya hadi Iringa. Kundi la simu walilijaribu likawashinda; bei za karatasi zilikuwa zinazama chini ya picha za maua na salamu za asubuhi. Wakarudi kwenye barua pepe, na Ruwaida, mwenye stashahada yake ya utunzaji wa kumbukumbu na ulimi usiokaa kinywani, akakabidhiwa funguo.

Kazi ilikuwa na kero moja kubwa. Barua ikitumwa kwenye anwani iliyokufa au sanduku lililojaa, inadunda, inamrudia yeye. Ikidunda mara kumi mfululizo, mtambo unamsimamisha mwanachama bila kumuuliza, na mwenyewe asijue. Kesho analalamika kwamba umoja umemtenga. Mwingine angewafuta tu. Ruwaida aliwafuata dukani kwao, mmoja mmoja.

"Samahani jamani!" alipaza sauti. "Namtafuta mtu wa duka la Mzee Abdulkarim wa Iringa. Nimeambiwa kaleta mzigo hapa."

"Unamtafuta kwa heri au kwa shari?" sauti ilitoka nyuma ya lundo la katoni za rimu. Kisha mwenye sauti akajitokeza: kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, kofia ya vito imesogezwa nyuma, vumbi la barabarani bado liko kwenye nyusi.

"Wewe ndiye Muhidini?"

"Ndiye."

"Kaka, umedunda mara saba."

"Nimedunda wapi tena? Ndiyo kwanza nashuka garini."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Ruwaida hakucheka. Alinyoosha mkono. "Barua zako zinarudi. Sanduku limejaa. Lete simu nione."

Akampa, kama mgonjwa anavyompa daktari mkono. Ruwaida akafungua, akatazama, akamwinulia macho. "Picha za katoni? Kila katoni inayoingia dukani unaipiga picha, unajitumia mwenyewe?"

"Ndiyo stoo yangu hiyo, dada. Ami mwenye duka akiniuliza, namwonyesha."

"Ziko zaidi ya elfu mbili! Hakuna hata moja yenye mtu."

"Sikuwa na mtu wa kumpiga." Akatabasamu. "Nisogee nikuchukue wewe?"

"Utadunda mara ya nane."

Alizifuta picha kuukuu pale pale, amesimama, wazazi wanampiga vikumbo. Alipomrudishia simu, namba yake ilikuwa imeshaandikwa ndani. Mpaka leo hasemi kama aliiandika kwa ajili ya kazi au la.

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa simu. Asubuhi: "Umeamkaje, laazizi? Mbeya baridi?" Mchana: "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wewe askari?" "Mimi ni mlinzi wa tumbo lako." Ruwaida alikuwa akiificha simu chini ya ushungi ili Tumpe, waliyekaa naye meza moja ofisini, asisikie. Tumpe alisikia yote.

"Huyo kaka wa Iringa atakumaliza vocha," Tumpe alisema.

"Anapiga yeye."

"Basi atakumaliza moyo."

Muhidini akajitolea kuwa msaidizi wa orodha kwa upande wa Iringa, na Ruwaida akampa ufunguo wa pili wa kuingilia mtamboni. Kila Jumatatu Muhidini ndiye aliyetuma kwa wanachama wote tangazo la bei za wiki. Na hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wao. Kwenye orodha ile mtu akibonyeza kujibu, jibu lilikwenda kwa aliyeandika peke yake. Ruwaida ndiye aliyeuweka mpangilio huo, baada ya mwanachama mmoja kumtukana mwenyekiti mbele ya kadamnasi akidhani anamnong'oneza rafiki. Basi likija tangazo, "Bei ya karatasi A4, wiki ya pili," Ruwaida hulijibu vile vile, na chini ya kichwa hicho kikavu humwandikia Muhidini maneno ambayo kwenye simu yangemtoa jasho. Alipenda hivyo. Alipenda kukaa kwenye meza ya ofisi, mbele ya mwenyekiti, Mzee Saulo, akiandika mapenzi kwa uso wa mtu anayeuliza bei ya rimu.

Mei alikwenda Iringa kikazi. Walipomaliza, Muhidini akampandisha juu ya jiwe la Gangilonga, mji wote chini yao na upepo unapeperusha gauni lake la kitenge. Alimvulia sweta lake la kijivu akamvika.

"Nikituma watu kwa baba yako, utanikubali?"

"Nitakujibu."

"Lini?"

"Nikijua kama unaweza kungoja."

"Mimi?" Muhidini akajipiga kifua. "Nitangoja mpaka jiwe hili lioteshe nyasi."

Ruwaida alishuka na sweta lile, hakulirudisha.

*

Julai alifariki Mzee Ezron wa Nyololo, mwanachama wa siku nyingi, muuza daftari wa barabara kuu. Mzee Saulo alitangaza msiba kwenye orodha. Siku ya pili akaingia ofisini amefura.

"Ruwaida, mwanangu, kijana wa marehemu amenipigia. Anasema umoja mzima hakuna hata mmoja aliyetoa pole. Hata mmoja!"

"Baba, si kweli. Watakuwa wametoa."

Wametoa kweli. Ruwaida alifungua sanduku la mzee akakuta pole sabini na mbili, ndefu kwa fupi, nyingine na maneno ya Biblia, nyingine na dua. Zote zilimwendea Mzee Saulo peke yake, maana yeye ndiye aliyetangaza. Na Nyanda za Juu pole isiyoonekana ni kama haikutolewa. Watu wanataka kujua nani amesema na nani amenyamaza. Msiba una macho.

"Fungua," Mzee Saulo aliagiza. "Kila mtu amwone mwenzake. Tukishazika, ufunge."

Akafungua. Kuanzia saa hiyo, anayejibu alijibu kwa wote.

Alhamisi walikodi gari kwenda kuzika. Njiani Ruwaida alimpigia Muhidini.

"Wewe huji? Kwako Nyololo ni karibu kuliko kwetu."

"Mzigo unaingia leo, mpenzi. Ami hatanielewa."

"Haya. Mimi huku mtandao unakuja na kukimbia. Ikifika saa kumi na mbili jioni, ingia na ufunguo wako, rudisha majibu yaende kwa mwandishi peke yake. Usisahau."

"Nikusahau wewe?"

"Mimi nisahau. Mpangilio usiusahau."

Walipofika Makambako wakirudi kutoka mazikoni, saa moja kasoro, akampigia tena. "Umefunga?"

"Zamani."

Nyuma ya sauti yake palisikika vigelegele vya wanawake, virefu, vya furaha.

"Nini hicho?"

"Jirani hapa, wana shughuli yao. Pumzika, laazizi. Umechoka."

*

Ijumaa asubuhi Muhidini alituma tangazo la nyongeza ya bei. Ruwaida alilisoma akiwa amevaa sweta la kijivu ndani ya baibui, chai ya tangawizi mezani. Jana yake yote ilikuwa bado inamtembea mwilini. Akabonyeza kujibu, akaandika kwa mkupuo mmoja:

"Muhidini wangu, A4 nimeiona, na kupanda kwake leo hakunihusu. Jana tumemzika mtu aliyeishi na mkewe miaka arobaini na saba. Mjane alipolia, alimwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine alilijua. Nikasema na mimi nataka mtu wa kumwita hivyo. Umeningoja miezi miwili hukunisukuma. Jibu langu ni ndiyo. Watume watu kwa baba kabla ya Maulidi. Sweta lako ninalo. Nikilivaa nalala kama niliyekumbatiwa. Wako, na si kwa kazi. Ruwaida."

Akatuma. Akanywa chai.

Simu ya Tumpe ikalia kidogo. Tumpe akaitazama. Akaitazama tena, akaiweka kifudifudi mezani.

"Mwe! Ruwaida."

"Nini?"

"Umeandika barua sasa hivi?"

"Ya bei."

"Dada yangu... imekuja kwangu."

Kwa muda Ruwaida hakuelewa. Kisha akaweka kikombe chini. Akaingia kwenye mipangilio. Kwenye mstari wa majibu palikuwa vile vile alivyopaacha Jumanne: kwa wote. Hapakuwa na aliyefunga jana jioni. Hapakuwa na aliyeingia kabisa.

Watu mia nne na kumi na wawili. Mzee Saulo. Mashehe wawili wenye maduka ya vitabu. Mzee Shamsudin, baba yake, namba kumi na nne kwenye orodha, kwa sababu binti ndiye aliyemwandikisha.

Akampigia Muhidini. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara nne. Mara ya tano ilikuwa imezimwa.

Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja alicheka kwa mstari mzima wa herufi. Mmoja alisema, "Hongereni, tunasubiri kadi." Mmoja, hana habari na lolote, aliuliza, "Kwa hiyo A4 imepanda mpaka ngapi?" Ruwaida aliisoma hiyo akacheka, kicheko kibaya, akajiziba mdomo.

"Atasema kitu," alimwambia Tumpe. "Sifungi kwanza, asije akakosa pa kusemea. Yule hanyamazi. Atasema."

Kweli, saa kumi na dakika ishirini Muhidini alisema. Kwa wote.

"Ndugu wanachama, kuna ujumbe umesambaa leo ukinitaja. Naomba ieleweke kwamba dada mtunza orodha namfahamu kikazi tu. Kama kuna alichokuwa nacho moyoni mwake, mimi sikukijua. Nina mchumba wangu hapa Iringa, na jana jioni wazee wetu wamekamilisha posa. Tusichafuliane majina. Ahsanteni. Muhidini."

Ruwaida aliisoma mara moja tu. Ilimtosha. Jana jioni. Vigelegele vile havikuwa vya jirani.

Tumpe alimshika bega. "Lia, dada."

"Nikilia atakuwa amenitoa na machozi pia." Akalivua sweta pale pale, akalitupa kwenye droo ya chini. Kisha akafunga majibu kwa mkono wake, akaufuta ule ufunguo wa pili, akalitafuta jina la Muhidini kwenye orodha, akalifungia: chochote atakachotuma kisipite, kikwame chote kwenye sanduku la vilivyozuiwa. Kwenye simu akamfungia vile vile.

Nyumbani baba yake alikuwa barazani, miwani imepanda kipajini. Ruwaida alibaki amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa." Akakaa. Mzee Shamsudin akashusha miwani, akamtazama. "Nimesoma."

"Najua."

"Zote mbili."

"Ndiyo, baba."

"Ya kwako ina adabu kuliko ya kwake," alisema, akaingia ndani kuswali.

Hapo ndipo Ruwaida alipolia.

*

Agosti ikapita, Septemba ikapita, Maulidi yakasomwa. Mwanjelwa watu walikuwa wakimwona wanashusha sauti. Wengine hawakushusha. "Dada A4!" muuza kalamu mmoja alimwita, na Ruwaida akageuka akamjibu, "Sema, kaka penseli fupi," na soko zima likamsahau yeye likaanza kumcheka huyo. Aliendelea na kazi yake. Aliwafuata waliodunda, akarekebisha, akarudisha. Lakini sanduku la vilivyozuiwa hakulifungua hata siku moja.

Oktoba, wiki moja kabla ya mkutano wa umoja ambao mwaka huo ulipangwa Iringa, Tumpe alivuta kiti karibu.

"Usinile. Kanipigia."

"Nani?"

"Unamjua nani."

"Tumpe."

"Sikiliza kwanza! Anasema alikuandikia. Anasema alisema ukweli wote kwenye orodha, mbele ya wanachama, kwamba anakupenda wewe na ile barua aliandika kwa hofu. Tena mara nyingi. Zote zimekwama kwa sababu umemfungia. Anasema wewe ndiye uliyemziba mdomo."

Ruwaida akajiona moyo unamwenda mbio, akauchukia kwa hilo. Miezi mitatu alikuwa ameishi na jambo moja tu: alikanwa mbele ya watu mia nne na kumi na wawili. Na kama alikubaliwa mbele ya hao hao, na ni mkono wake mwenyewe uliozuia? Lingekuwa jambo lingine hilo. Mtu anaweza kuogopa siku moja.

"Toka kidogo," alimwambia Tumpe.

"Nitoke ofisini kwangu?"

"Toka, tafadhali."

Akafungua sanduku. Zilikuwa barua kumi na moja, zote za Muhidini. Ya kwanza iliandikwa usiku wa siku ile ile. "Ruwaida, nisamehe." "Ruwaida, ami ndiye aliyenilea, baba yake Saida waliyenichumbia ni mshirika wake." "Ruwaida, siku ya Gangilonga sikusema uongo." "Ruwaida, nimekonda." Maneno yalikuwa matamu, mengine yalikuwa ya kweli, alijua. Machozi yakamchoma puani.

Lakini Ruwaida alikuwa mtunza orodha. Kabla hata hajamaliza kusoma, jicho lake la kazi lilikuwa limeshapanda juu, kwenye mstari ambao watu wa kawaida hawautazami: barua inakwenda kwa nani. Ya kwanza, kwa mtunza orodha. Anwani ile humfikia yeye peke yake. Ya pili, kwa mtunza orodha. Ya tatu. Ya sita. Akafika ya kumi na moja. Kwa mtunza orodha.

Hakuna hata moja iliyotumwa kwa wanachama.

Akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akamwita Tumpe.

"Vipi?" Tumpe aliuliza.

"Ameomba msamaha mara kumi na moja chumbani. Ukumbini hakutokea."

"Mwe. Sasa?"

"Sasa mkutano ni Jumamosi. Nitakwenda."

*

Iringa ilimpokea kwa upepo mkali. Ukumbi ulikuwa karibu na Miyomboni, viti vya plastiki vimepangwa, wanachama wanasalimiana kwa vicheko, "Kamwene!" kila upande. Ruwaida alivaa gauni refu la bluu iliyokolea, ushungi mweupe umefungwa vizuri, wanja machoni. Aliamua tangu Mbeya kwamba kama watamtazama, basi watazame kitu cha kutazamika.

Muhidini alikuwa akimngoja kwenye ngazi za pembeni. Alikuwa amekonda kweli.

"Ruwaida. Ahsante kwa kuja."

"Nimekuja mkutanoni."

"Umesoma barua?"

"Kumi na moja."

"Basi unajua." Akashuka ngazi moja. "Mpenzi, mimi naumwa. Sili, silali. Nisikilize dakika moja."

"Ulimwambia Tumpe uliandika kwa wanachama."

Alitazama viatu vyake. "Niliandika. Nilizianza. Kila nikifika kutuma, nabadilisha. Ami anazisoma zote, Ruwaida, baba yake Saida anazisoma. Nikituma, sina duka, sina nyumba, sina ukoo."

"Na Alhamisi ile ulisema umefunga."

"Nilikuwa kwenye ile shughuli. Nilitaka usiwe na wasiwasi. Nilijua nitaingia baadaye... nikasahau."

"Ijumaa ulipoiona barua yangu, uliisoma mpaka mwisho?"

"Niliisoma."

"Na jibu langu ulikuwa unalingoja miezi miwili."

Muhidini akatazama nyuma yake. Kisha akasogea karibu, akateremsha sauti ile ile iliyomwimbia kwenye simu nusu mwaka. "Nimefikiria njia. Harusi ya Saida ni Desemba. Ipite. Mwakani nije kwa baba yako, kimya kimya, tufunge ndoa Mbeya. Dini inaniruhusu. Nitakutunza kuliko yeye, wallahi. Hakuna atakayejua mpaka mambo yapoe."

Ruwaida alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kwamba bado angempenda wakati anasikia hayo.

"Uke wenza siutukani," alisema polepole. "Bibi yangu alikuwa mke wa pili, na alitembea mjini amenyoosha shingo. Kufichwa ndiko nisikokuweza. Mimi si katoni ya stoo, Muhidini, unionyeshe ami akiuliza na asipouliza nikae gizani."

"Unanihukumu kwa siku moja."

"Hapana. Nakupa siku ya pili. Ndiyo leo." Akapandisha ushungi begani. "Ripoti yangu ni kipengele cha pili."

Ukumbini Mzee Saulo alimwita kwa sauti ya mashaka. Ruwaida akasimama mbele, akashika kipaza sauti. Minong'ono ikapita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi. Baba yake alikuwa mstari wa tatu. Upande wa kulia, mbele kabisa, alikaa Mzee Abdulkarim, kanzu nyeupe na koti jeusi, na ubavuni mwake Muhidini.

"Waheshimiwa wanachama, anwani zilizodunda zilikuwa kumi na tisa mwanzo wa mwaka, sasa ni mbili. Majibu yatakwenda kwa mwandishi peke yake. Salamu za rambirambi tumezitengenezea anwani yake, ambako kila mmoja atamwona mwenzake, ili msiba usiingie tena kwenye bei, na bei isiingie kwenye msiba."

Watu wakapiga makofi. Mzee Saulo akavuta pumzi, akidhani yamekwisha.

"Jambo moja zaidi. Ile barua ya Julai ni yangu." Shingo zikageuka. "Nimeulizwa sana, tena na watu wasio na ujasiri wa kuuliza. Nakiri leo: niliiandika mimi, nikiwa na akili zangu, nikimjibu mtu aliyeniuliza. Kosa langu ni kutokukagua mpangilio kwa macho yangu, na kwa hilo nawaomba radhi. Kwa maneno yenyewe siombi radhi kwa yeyote. Ndugu Muhidini aliwaambia ananifahamu kikazi tu. Yupo hapa. Kama ana la kurekebisha kwenye kumbukumbu za umoja, nampa nafasi."

Akashusha kipaza sauti akangoja.

Hakumtazama mwingine. Alimwona Muhidini akiweka mikono kwenye magoti kama anayetaka kuinuka. Alimwona akiinuka kidogo, kiti cha plastiki kikalia. Alijikuta anamsukuma kwa macho, kwa pumzi, kwa kila alichonacho: simama, simama basi. Mzee Abdulkarim aligeuza tu uso wake taratibu, akamtazama mtoto wa nduguye.

Muhidini akakaa.

"Ahsante," alisema Ruwaida kwenye kipaza sauti. "Mwenyekiti, tuendelee na kipengele cha tatu."

Mkutano ulipofungwa alimkuta tena pale kwenye ngazi, macho mekundu. Watu walikuwa wakipita na sahani za pilau, wengine wanajifanya hawaoni.

"Ruwaida..."

"Nimekufungulia anwani yako," alisema. "Nimeifungua sasa hivi, kabla sijatoka. Si haki uuze karatasi bila kujua bei. Ufunguo wa pili nimempa Tumpe. Tangazo la Jumatatu sasa naliandika mimi; utalipata saa tatu asubuhi, kama wenzako wote."

"Na nikijibu?"

"Jibu litanifikia mimi peke yangu." Akafikiri kidogo. "Ukiuliza bei, nitakujibu."

Baba yake alikuwa ameshawasha gari. Ruwaida akaingia, akafunga mlango, na walipofika mteremko wa Ipogolo ndipo Mzee Shamsudin alipoinua mkono kutoka kwenye gia, akamshika kichwani juu ya ule ushungi mweupe, akauacha hapo mpaka binti yake alipomaliza kulia.